Mama, asubuhi ya leo umemeza nini?

Alikuja ameshika shavu kwa upindo wa khanga. Mama wa makamo, gego la chini kulia limetoboka mpaka kwenye mizizi, usiku wa tatu hajalala. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti. Nikapitia maswali ya fomu kama ninavyoyapitia kila siku. Una ugonjwa wowote wa kudumu? Hana. Kuna dawa unatumia? Hakuna. Dawa yoyote imewahi kukudhuru? Hapana. Fomu ikajaa "hapana" kutoka juu hadi chini, nami nikanyoosha mkono kuchukua sindano ya ganzi. Alipojiegemeza kwenye kiti khanga iliteleza kidogo, na chini ya koo nikaona mwanzo wa kovu refu lililonyooka kama mstari wa rula.

"Mama, hapa ulifanyiwa nini?"

"Aa, hilo la moyo, mwanangu. Walinibadilishia valvu. Mwaka wa sita huu, nilishapona."

"Na asubuhi ya leo umemeza nini?"

"Chai na maandazi mawili. Na vidonge vyangu vya moyo."

Vidonge vilikuwa kwenye pochi, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari: wafarini, dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi ili isigande kwenye valvu ya chuma.

Mama huyu hakunidanganya hata neno moja. Kwake yeye, "dawa" ni kitu unachokunywa ukiugua, na ukipona unaacha. Vile vidonge vya kila asubuhi vimekuwa sehemu ya chai yake. Na "ugonjwa" ni ule unaokulaza kitandani. Moyo wake ulishatengenezwa. Mtu mwenye presha iliyotulia atakwambia hana presha. Mwenye sukari atasema sukari yake iko sawa, na wewe utaandika hana kisukari. Aliyekosea ni mimi, niliyeuliza maswali yaliyotafsiriwa kutoka kwenye fomu ya kizungu na kudhani nimeuliza kwa Kiswahili. Tangu siku ile naanza na swali jingine: asubuhi ya leo umemeza nini? Halafu nafuatisha: kuna kliniki unayohudhuria kila mwezi? Umewahi kulazwa? Umewahi kupasuliwa? Umewahi kuvimba au kuwashwa baada ya kuchomwa sindano? Ni dakika mbili tu, na majibu yanayotoka humo hayafanani kabisa na yale ya fomu.

Hebu fikiria ningelimng'oa bila kuona lile kovu. Jino lingetoka, ningempa pamba aing'ate, kisha ningekaa mezani na kuandika kile ambacho mkono wa karibu kila mtu wa meno ukanda huu umezoea kuandika: amoksilini, metronidazoli, diklofenaki, siku tano. Tunaiandika hata kabla mgonjwa hajashuka kwenye kiti. Kwa mama huyu cheti hicho kingekuwa hatari kuliko koleo. Metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, inalizuia ini lisiivunje wafarini, kwa hiyo wafarini inarundikana mwilini na damu inazidi kuwa nyepesi siku hadi siku. Diklofenaki nayo inachubua utando wa tumbo na kuzipunguzia nguvu chembe sahani, zile zinazokimbilia kidonda kuziba damu. Weka vitatu hivyo kwenye mwili mmoja kisha umruhusu aende nyumbani. Siku ya tatu au ya nne anaweza kuamka mto umelowa damu, au akapata choo cheusi, au damu ikavujia kichwani. Na huko atakakokimbizwa hakuna atakayewaza kwamba chanzo ni karatasi iliyoandikwa kwenye kliniki ya meno.

Kuna kosa la pili ambalo ni pacha wa hilo, nalo linafanywa na watu waangalifu. Ukishajua mgonjwa anatumia wafarini unaogopa damu, unamwambia aiache siku tano kisha arudi. Damu iliyoachiwa hivyo inaweza kuganda kwenye valvu ya chuma. Valvu ikaziba, au bonge likapanda kwenye ubongo. Jino linaweza kutoka bila kumwachisha dawa. Mwongozo wa wataalamu wa meno wa Scotland unasema ikiwa kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kiko chini ya 4, ng'oa, lakini jiandae kuzuia damu hapo hapo: shona, weka kitambaa cha kuzuia damu, bana, mwache akae usimkimbize. Kipimo cha mama huyu kilirudi kesho yake kikiwa 2.8.

Na hapa kuna jambo ambalo huwa linanisumbua kila nikilifikiria. Mama huyu ndiye hasa aliyehitaji antibayotiki, lakini kabla ya jino kung'oka. Mtu mwenye valvu bandia, bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kujenga kwenye valvu hiyo. Kwa watu kama yeye Shirika la Moyo la Marekani linaelekeza amoksilini gramu 2, dozi moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa. Waingereza tangu mwaka 2008 wana msimamo mkali zaidi, hawaitoi ovyo hata kwa kinga hiyo, na mjadala wao una hoja pande zote mbili. Mimi kwa mwenye valvu ya chuma naitoa. Ila sisi kwa mazoea yetu, yeye aliyehitaji dozi moja kabla tungempa dozi kumi na tano baada, na vijana wenye afya zao wasiohitaji chochote tungewapa hizo hizo.

Tuizungumze basi hiyo karatasi ya dawa tatu, kwa sababu nadhani ndiyo kiini cha tatizo letu. Maumivu ya jino mara nyingi yanatokana na shinikizo ndani ya chumba kidogo kisicho na pa kutanukia. Mshipa umevimba ndani ya jino, au usaha umejikusanya kwenye ncha ya mzizi. Antibayotiki inafika kwenye tishu kwa kubebwa na damu. Ndani ya jino lililokufa damu haifiki, na ndani ya jipu lililojaa inafika kidogo mno. Kinachomponya mgonjwa ni kufungua: kutoboa jino na kusafisha mzizi, au kuling'oa, au kupasua jipu usaha utoke. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kikasema waziwazi kwamba kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri, mwenye maumivu ya mshipa wa jino au jipu lisilosambaa, ikiwa tiba yenyewe ya jino inapatikana, antibayotiki zisitumike. Shirika la Afya Duniani nalo katika kitabu chake cha antibayotiki cha mwaka 2022 linasema maambukizi mengi ya meno hayazihitaji. Na pale zinapohitajika, amoksilini miligramu 500 kila baada ya saa 8 kwa siku 3 zinatosha ukishaondoa chanzo, au siku 5 kama chanzo hakijaondolewa. Siku 7 za dawa mbili kwa pamoja, ambazo nimeziona kwenye vyeti vingi, sijui tulizitoa wapi.

Najua atakachonijibu mwenzangu anayefanya kazi wilayani. Atasema Marekani mgonjwa akipata homa usiku anapiga simu, kesho yake anarudi. Wa kwangu katoka kijijini kwa bodaboda, nauli kakopa, harudi mpaka mwakani. Nikimwachia bila antibayotiki halafu uso ukavimba, nani atamwona? Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Lakini ukiitazama vizuri inatetea kitu kimoja tu: mgonjwa ambaye hukumtibu jino. Kama umeling'oa, chanzo kimetoka. Kilichobaki ni kidonda ambacho mwili wenye afya unakifunga wenyewe. Kama hukuling'oa kwa sababu ganzi imekwisha au foleni ni ndefu, basi antibayotiki uliyompa inamtuliza siku chache, maumivu yanapungua, anaamini amepona, na jino linaendelea kuoza kimya kimya.

Mwisho wa njia hiyo niliuona kwa macho yangu nikiwa bado mwanafunzi, na sijausahau. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliletwa shingo imevimba kwa mbele, ngumu kama ubao, ulimi umesukumwa juu mpaka mdomo haufungi, mate yanachuruzika kwa sababu hawezi kumeza. Alikuwa anakaa ameinama mbele, mikono magotini, kwa kuwa akilala chali pumzi inakata. Maambukizi hayo yanaitwa kwa jina la Ludwig, daktari Mjerumani aliyeyaeleza mwaka 1836, na mpaka leo yanaua kwa kuziba njia ya hewa. Mfukoni alikuwa na vipande vinne vya amoksilini, kila kimoja kimenunuliwa duka tofauti, kila kimoja kimeliwa nusu. Miezi miwili alikuwa akiomba "dawa ya jino" na kila mahali alipewa. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia majaribio Ruvuma mwaka 2003, yamesaidia sana vijijini, na mimi ni mtetezi wao. Lakini dawa aliyokuwa akipewa yule kijana ilikuwa inamnunulia muda wa kuoza zaidi. Alihitaji koleo siku ya kwanza.

Usugu wa vimelea sitaueleza kirefu maana umeshaelezwa mara nyingi. Niseme tu kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa kuliko kanda nyingine. Kila cheti cha mazoea kina sehemu yake humo.

Tugeukie dawa za maumivu, maana huko ndiko watu hawaoni hatari kabisa. Diklofenaki kwetu imekuwa kama maji. Mgongo, diklofenaki. Jino, diklofenaki, tena wengine wanaidai ya sindano kwa kuamini kidonge hakina nguvu. Kwa kijana mzima, siku mbili tatu, sina ugomvi nayo. Lakini chukua mgonjwa anayetumia ARV. Kidonge kimoja cha siku kinachotumiwa na walio wengi sasa kina dawa tatu ndani yake, na mojawapo ni tenofoviri, ambayo hupita kwenye figo na kwa baadhi ya watu huzichosha. Diklofenaki nayo inapunguza damu inayoingia kwenye figo. Zikikutana, hasa kwa dozi kubwa na kwa siku nyingi, figo zinaweza kushindwa ghafla, na watengenezaji wenyewe wameliandika onyo hilo kwenye karatasi ya maelezo ya dawa. Mgonjwa hatakwambia anatumia ARV ukimuuliza mbele ya mlango ulio wazi, foleni ikisikiliza. Nimejifunza kufunga mlango kwanza. Nimejifunza pia kusema: "Naomba unitajie dawa zote za kila siku, hata zile ambazo si kila mtu unamwambia, nataka nisikupe kitu kitakachogombana nazo." Karibu kila mara, ukishasema hivyo, mtu anavuta pumzi kisha anasema.

Mzee wa presha anayetumia vidonge viwili, kimoja cha kupunguza maji, figo zake ziko kwenye hatari hiyo hiyo. Mwenye vidonda vya tumbo anajulikana. Mwenye pumu, umuulize kama aspirini imewahi kumbana kifua, kwa sababu jamii hiyo yote ya dawa inaweza kumfanyia hivyo. Mjamzito, hasa mimba ikishavuka wiki 20, mpe parasetamoli uachane na diklofenaki na ibuprofeni. Na umtibu jino lake, kwa kuwa ganzi ya lignokeini haimdhuru mtoto na jipu ndilo la kuogopa. Kwa wengine wote wasio na kizuizi, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli vinatuliza maumivu ya kung'olewa jino vizuri mno, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2024 umeviweka mbele ya dawa za jamii ya afyuni. Tramadoli, ambayo ni ya jamii hiyo ya afyuni, kwa jino lililong'oka bila shida ni dawa ambayo siioni sababu yake, na kwa mtoto chini ya miaka 12 haifai kabisa.

Ganzi yenyewe ni dawa, ingawa hatuiandiki kwenye cheti. Ichukue hesabu hii polepole. Lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Katriji, yaani kile kichupa kinachopachikwa kwenye sindano ya meno, ya mililita 1.8 ina miligramu 36. Kiwango salama kinachotumiwa sana kwa watoto ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 15 anavumilia miligramu 66, yaani katriji ya pili haitakiwi kuisha. Sasa mtoto huyo analia, ana meno manne mabovu pande zote mbili, mama ametoka mbali na anaomba yote yatolewe leo. Ukichoma kila upande kama unavyomchoma mtu mzima utafika katriji tatu au nne bila kuhisi. Na kituo kisicho na katriji, kinachovuta ganzi kutoka kwenye chupa kubwa kwa bomba la kawaida, hapo ndipo hesabu inapopotea kabisa. Dalili zake zinadanganya: mtoto aliyekuwa akilia ananyamaza, anasinzia, unafurahi kwamba ametulia, kumbe ni sumu inapanda kichwani, na kinachofuata ni degedege. Kliniki zetu nyingi zina kioo na taa nzuri. Ni ngapi zina mizani?

Hapo ndipo ninapoingia kwenye nusu ya pili ya jambo hili, kwa sababu kuandika dawa vizuri na kujiandaa kwa dharura naviona ni kitu kimoja. Vyote vinaanzia kwenye kukumbuka kwamba nyuma ya mdomo ule kuna moyo, mapafu, figo na ini.

Miaka michache iliyopita nilishika zamu ya mwenzangu kwenye kliniki moja kwa wiki mbili. Siku ya kwanza niliuliza sanduku la dharura liko wapi. Muuguzi akanionyesha kabati, limefungwa; ufunguo anao bosi, bosi amesafiri. Ulipopatikana siku ya nne tulilifungua. Ndani kulikuwa na vichupa vitatu vya haidrokotisoni, sindano za kutosha, glovu, adrenalini mbili ambazo muda wake wa matumizi ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minne, na maji yake yamegeuka rangi ya chai ya rangi iliyofifia. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo kwenye kona, mrefu, umefunikwa kitambaa kizuri cha kufuma. Spana ya kuufungulia haikuwepo. Siku hizo nne tulikuwa tumechoma ganzi watu zaidi ya arobaini.

Simlaumu muuguzi. Sanduku lile lilinunuliwa kwa ajili ya ukaguzi, na kwa ukaguzi lilikuwa linatosha.

Adrenalini ndiyo dawa moja ambayo kliniki ya meno haiwezi kusema haina. Mtu mwenye mzio mkali wa penisilini au dawa nyingine ya sindano hana muda wa kusubiri. Uchunguzi wa vifo vya mzio Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba pale kilichoua kilipokuwa dawa iliyotolewa na watoa huduma, muda wa kati tangu mzio kuanza mpaka moyo kusimama ulikuwa dakika 5. Ndani ya dakika tano huwezi kutoka Mbagala ukafika hospitali ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, hata barabara iwe tupu. Kliniki yenyewe ndiyo hospitali kwa muda huo.

Na kinachotakiwa ni chepesi. Chukua chupa ndogo ya adrenalini ya mililita 1 yenye miligramu 1, vuta nusu yake, mililita 0.5, choma kwenye msuli wa paja upande wa nje, katikati, hata kupitia nguo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anapata 0.3; aliye chini ya hapo 0.15. Mlaze, inua miguu. Anayehema kwa shida mwache akae, lakini usimsimamishe wala kumtembeza kuelekea kwenye gari, kwa sababu kumsimamisha ghafla kunaweza kuusimamisha moyo. Dakika tano zikipita bila nafuu, choma tena. Ambacho nimeona kikifanyika badala yake, tena na watu wazuri wenye uzoefu, ni kukimbilia haidrokotisoni na dawa ya kuzuia mwasho. Dawa hizo hazifungui koo na hazipandishi presha iliyoanguka. Haidrokotisoni inachukua saa kadhaa kufanya kazi yake. Baraza la Uingereza linaloshughulikia kufufua wagonjwa liliziondoa kwenye hatua za mwanzo mwaka 2021. Tunaziamini kwa sababu hazitutishi. Adrenalini inatutisha, tunaiona ni dawa ya mahututi, na kila sekunde tunayoisitia inakwenda kwa mgonjwa.

Nyingi ya dharura zetu, namshukuru Mungu, ni ndogo. Mtu kazimia kwa hofu ya sindano: mlaze, inua miguu, subiri dakika moja au mbili, mjamzito mgeuze ubavu wa kushoto. Lakini hata hiyo ndogo ina mtego. Mwezi wa Ramadhani, saa tisa alasiri, alikuja baba mmoja mwenye jino linalocheza. Kisukari anacho, alinitajia mwenyewe. Alikula daku saa kumi alfajiri, akameza glibenklamidi yake kama kawaida, na dawa hiyo inaendelea kuishusha sukari kwa saa nyingi. Kabla sijamgusa akaanza kutoka jasho na kuzungumza maneno yasiyoungana. Muuguzi alidhani ni hofu. Kipima sukari kilionyesha 2.4, chini mno. Alipewa maji yenye vijiko vinne vya sukari, na baada ya dakika kumi na tano aliniuliza kwa nini amelowa shati. Alisikitika sana kuvunja funga yake, nikamwambia, "Baba, hiyo utailipa siku nyingine." Kama tungemlaza na kumpepea tukingoja azinduke, sijui angezinduka vipi. Kipima sukari, kipimo cha presha, kipima oksijeni cha kidoleni: vitatu hivyo vinaingia kwenye droo moja, na bado nakutana na kliniki zenye televisheni kubwa mapokezi zisizo na hata kimoja.

Serikali imejenga idara za dharura kwenye hospitali nyingi miaka ya karibuni, kazi iliyoanzia Muhimbili mwaka 2010. Kwa wajawazito na watoto wachanga kuna m-mama, unapiga 115 bure na dereva wa gari la kawaida aliyesajiliwa anaweza kutumwa kumchukua mama. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mpangilio wa aina hiyo usipanuliwe kwa aliyezimia kwenye kiti cha meno. Mpaka hapo utakapopanuka, kila kliniki ijue gari litakuwa la nani, hospitali ipi ya karibu inapokea saa zote, na nani atasimama barabarani kuelekeza. Mtungi wa oksijeni wa lita 340 ukiufungua lita 15 kwa dakika unakupa dakika 22 tu. Ukishajua hivyo unajua pia ni umbali gani unaweza kusafiri na mgonjwa.

Baraza la Madaktari linapohuisha leseni zetu, natamani lidai kitu kimoja zaidi: cheti cha mazoezi ya kuokoa maisha kisichozidi miaka miwili, kwa daktari, kwa tabibu wa meno na kwa muuguzi wa kliniki. Na mkaguzi anayekuja asitosheke kuona sanduku. Aseme tu, "Mgonjwa ameanguka, sasa hivi," halafu aangalie saa yake.

Sisi tulijaribu hivyo kwenye kliniki yetu. Dada wa mapokezi alilala kwenye kiti, akajifanya amevimba koo. Mara ya kwanza tulichukua dakika nne na nusu mpaka sindano kugusa paja, kwa sababu watatu tulikimbilia droo ile ile, hakuna aliyebaki na mgonjwa, na adrenalini ilikuwa nyuma ya boksi la pamba. Tukagawana kazi. Mmoja habanduki kwa mgonjwa, mmoja anachukua droo, mmoja anapiga simu na kwenda barabarani. Adrenalini tukaihamishia mbele, kwenye kisanduku chekundu kisichopitisha mwanga, mbali na dirisha la magharibi linalopigwa na jua la mchana. Juu yake imeandikwa kwa kalamu nene: 0.5, 0.3, 0.15, kwa kuwa kwenye taharuki hakuna anayekumbuka desimali. Kila tarehe mosi muuguzi anasoma kwa sauti muda wa matumizi wa kila dawa, nami naandika. Mazoezi ya mwezi uliopita yalichukua sekunde 55.

Yule mama wa valvu alirudi siku iliyopangwa, saa mbili asubuhi, akiwa amekula. Alimeza amoksilini yake mbele yangu, tukasubiri dakika arobaini tukizungumzia wajukuu. Jino lilitoka, nikashona nyuzi mbili, akabana kitambaa nusu saa kwa saa ya ukutani. Cheti alichoondoka nacho kilikuwa na mstari mmoja, parasetamoli, na nyuma yake namba yangu ya simu. Alikigeuza mara mbili akitafuta dawa nyingine. "Ni hii tu, mwanangu?" Nikamwambia ni hiyo tu, pamoja na vidonge vyake vya moyo, asiviache hata asubuhi moja.